Kwa Nini Nilikataa Kupasuliwa Jicho Kabla Hujaondoka

Salima mwanangu,

Salamu tulizimaliza asubuhi, tulipoamkiana mlangoni mimi na wewe kama wapangaji wawili, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye maneno. Wewe na mama yako mmevuka kwenda Goma kumuaga bibi yako, na bibi yako hamwachi mtu aondoke kabla hajala mara mbili, basi nyumba ni yangu mpaka jioni. Nimechukua karatasi ya patroni, ile ya kaki ninayokatia mitindo, na kalamu nene ya kuandikia kwenye maboksi. Herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa chekechea. Usicheke. Au cheka, lakini usome mpaka mwisho, maana karatasi ni ndefu na nimekusudia kuijaza.

Mambo ya koti la baridi, ya chakula, ya watu wa kukaa nao na watu wa kuwaepuka, mama yako ameshakuambia na atakuambia tena ndani ya gari mpaka Kigali. Mimi hapo sina la kuongeza. Moroko unakokwenda kusoma siijui. Nilizaliwa Kigoma, wazazi wangu wakarudi hapa Gisenyi nikiwa kijana, nikakaa kwenye baraza moja na cherehani moja, na safari yangu ya maana kuliko zote ni ile ya kuvuka mpaka pale Grande Barrière na mashahidi wangu kwenda kumposa mama yako. Dakika chache kwa miguu. Mtu wa safari kama hiyo hawezi kumfundisha msafiri.

Ninalotaka kusema ni la jicho. Tangu ulipojua kwamba nilikataa tarehe ya upasuaji, hunisemeshi ila salamu na kuniambia chakula tayari. Siku ile ulisema, "Baba, we unaogopa tu," ukaingia chumbani ukafunga mlango. Sikukujibu, kwa sababu ulikuwa umesema kweli, ila kweli yenyewe ilikuwa nusu. Nusu ya pili nimeibeba peke yangu na imenichosha. Nitaifikia, lakini niache nianze mbali kidogo, kama kawaida yangu ambayo mama yako haipendi.

Unakumbuka asali? Ulikuwa bado shule ya msingi, labda unakumbuka kichekesho chake tu. Mimi nakumbuka jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa nimevaa miwani ya kusomea miaka kadhaa, kama kila fundi aliyefika umri ule. Bila miwani uzi haukuingia kwenye sindano hata nikiulamba mara kumi. Nilikuwa nachukia ile miwani. Mteja akija akakuta fundi anahangaika na uzi, anaanza kukukagua na mshono. Basi mzee mmoja kutoka Busasamana aliyekuwa ananiletea nguo za kuziba akaniletea kichupa cha asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, akaniambia nitie tone kila jicho asubuhi na jioni. Nikatia. Iliniwasha mpaka nikalia machozi, nami nikasema, dawa isiyouma si dawa.

Baada ya muda, Salima, siku moja nilisahau miwani nyumbani, nikatunga uzi kwenye sindano bila hiyo miwani. Nikautoa, nikautunga tena. Nikachukua gazeti alilofungiwa mtu vitumbua nikasoma zile herufi ndogo za matangazo ya mwisho. Nilisoma kila kitu. Nikasimama barazani nikapiga kelele, na Bosco, yule fundi mwenzangu tunayepakana cherehani, akadhani nimejidunga sindano.

"Muzee, iko nini?"

"Macho yangu yamerudi!"

"Yarudi kutoka wapi?"

Nikampa miwani yangu palepale. Nilimwambia achukue, mimi sina kazi nayo tena. Nilipofika nyumbani mama yako alinitazama akaweka mikono kiunoni. "Yo! Sasa we iko kijana tena? Utatafuta na bibi mupya?" Tulicheka siku ile. Ijumaa, baada ya swala, niliwasimulia watu nje ya msikiti, nikataja asali, nikamtaja mzee wa Busasamana, nikasema Mungu hasahau watu wake. Watu walinisifu kwa imani yangu, nami nikasifika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza hata kuwacheka wenzangu wenye miwani.

Hapo ndipo penyewe, na ndiyo sababu nakuandikia kwa kirefu. Haikuwa asali. Daktari alikuja kunieleza baadaye kabisa, mwaka uliopita, kwamba kile nilichokiita uponyaji kilikuwa ndio ugonjwa unaingia. Lenzi ya jicho inapoanza kuwa ngumu katikati, inakunja mwanga kupita kiasi, na mtu wa umri wangu anaanza kuona tena vitu vya karibu bila miwani. Vya mbali vinampotea, lakini nani anaangalia mbali akiwa na sindano mkononi? Kweli, zamani zile watu wa upande wa pili wa barabara walianza kusema Baba Salima siku hizi anaringa, haitikii mkono. Mimi nikasema wao ndio wamepata kiburi. Niliugua nikashukuru, mwanangu. Nilimshukuru Mungu hadharani kwa kuingia kwa mtoto wa jicho.

Sikuambii haya ili uwe mtu wa kutilia shaka kila jema. Sitaki uishi hivyo. Lakini tangu siku ile daktari aliponieleza, jambo gumu likinirahisikia ghafla, huwa nageuka kutazama nyuma yangu kuna nini. Ni tabia ya mtu aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi anaruka. Umeichukua au umeiacha, mimi nimesema.

Kisha ikaja rangi. Hiyo unaikumbuka vizuri kuliko mimi, maana wewe ndiwe uliyekuwa macho yangu. Yule bwana wa hotelini alileta suruali za sare za wafanyakazi wake, bleu, yaani buluu iliyokolea, nizipunguze urefu na kuziba mifuko. Nilikaa nazo siku nzima. Alipokuja kuzichukua akazigeuza geuza juani, akaniuliza kwa upole kwa nini nimeshonea uzi mweusi na kuweka viraka vyeusi. Nikamwambia ni bleu. Akasema ni nyeusi. Nikamwapia kwa Mungu. Ndiyo, niliapa, mbele ya Bosco na mbele ya wauza vocha wote, na Bosco akatazama chini kwa sababu hakutaka kunivunjia heshima. Ndipo wewe ukatokea na sare yako ya shule na begi mgongoni, ukashika ile suruali penye kiraka, ukasema taratibu sana, "Baba, hii iko nyeusi."

Nilikukaripia. Nilikuambia umeanza lini kumfundisha fundi kazi. Uliinamisha kichwa ukaenda zako. Yule bwana akalipa nusu, akaondoka, hakurudi tena. Jioni nilikukuta barazani umekaa chini, umemwaga nyuzi zangu zote, unazipanga kwenye mikebe ya maziwa, bleu peke yake, nyeusi peke yake, zambarau peke yake, na kila mkebe umeufunga kitambaa cha aina yake ili niweze kuujua kwa kushika. Tangu hapo kila siku baada ya shule ulipita barazani ukauliza, "Baba, leo iko rangi gani?" na mimi nikakuonyesha vitambaa, ukanitajia. Miaka yote hiyo nimeshona bleu kwa mdomo wako. Sijawahi kukushukuru. Asante, mama.

Mama yako alitaka twende hospitali tangu siku ya zile suruali. Nilikataa. Nilisema mtu aliyerudishiwa macho na Mungu haendi kuyapeleka kwa watu wayachokonoe. Nilikuwa najua, Salima. Mtu hujua. Nilikuwa naona jicho la kushoto limeanza kuwa na ukungu, taa za pikipiki zina mashada ya nywele, lakini nilikuwa nimeshasimulia sana. Nilisimulia mpaka nikakosa mlango wa kutokea. Ningeanzaje kuwaambia watu wale wale wa Ijumaa kwamba asali haikuniponya? Basi nikanyamaza, na jicho la kushoto likawa jeupe mpaka watoto wa jirani wakawa wanalishangaa.

Siku ya Idi lilipoanza kuuma, ulikuwa nyumbani. Uliona nilivyotapika. Sikuwahi kupata maumivu ya namna ile, hata siku cherehani iliponitoboa kucha. Mlinipeleka wewe na mama yako, mmoja huku na mmoja huku, nami nimefumba macho yote mawili barabarani kama mtu anayeongozwa kwenye mchezo. Tulichelewa. Daktari alisema lenzi ilikuwa imeiva kupita kiasi, ikaanza kuvuja, na kile kilichovuja kikaziba njia ya maji ya jicho, presha ikapanda ndani, mshipa unaopeleka picha kichwani ukafa. Walitoa maumivu. Jicho hawakuweza. Hata ukiniwashia tochi hapo sasa, upande wa kushoto sijui.

Nikamuuliza kama ni asali. Akasema asali haikukuponya wala haikukuua, mzee, ila ilikukalisha nyumbani. Alisema kwa heshima, lakini lilinichoma.

Ile jioni tuliporudi ulifungua kitabu chako cha biolojia mezani. Mama yako alikuwa anapika. Nilikuambia unieleze kama unavyomweleza mtu asiyesoma, na wewe ukanieleza, na sijasahau hata kidogo.

"Baba, ngozi yako inakufaka, ingine inazaliwa. Damu pia. Lakini lenzi, non. Zile protini za katikati walikutengenezea ukiwa kwenye tumbo ya mama yako, na hazibadilishwe mpaka kufa. Damu haiingiake mule, sababu ikiingia hautaona. Donc, kwa hiyo, ikiharibika, hakuna mwenye atakuja kuitengeneza."

Nikauliza inaharibiwa na nini. Ukasema na oksijeni na mwanga na miaka tu. Ukasema protini zinaumwa kidogo kidogo, na mle ndani kuna kitu cha kulinda kinachojitoa kuumwa badala yake, lakini mtu akizeeka, kile kitu cha kulinda hakifiki tena katikati. Protini zinapoteza umbo, zinashikana, mwanga unashindwa kupita. Zinakuwa za manjano, halafu kahawia kama chai. "Njo maana bleu inakufa ya kwanza," ukasema, na hapo tukatazamana, kwa sababu sote wawili tulikumbuka zile suruali.

Nikakuuliza dawa ya kuzirudisha. Ukaenda jikoni ukachukua yai kwa mama yako ukalivunja kwenye sufuria ya moto mbele yangu, ule ute ukageuka mweupe. "Baba, hii hairudi," ukasema, ukaanza kulia, na mama yako akauliza kwa sauti juu ya nini munaharibu yai yangu. Ulilia sana. Mimi ndiye niliyepofuka jicho na wewe ndiye uliyelia, na mimi nikabaki nimekaa pale na mikono yangu miwili mikubwa isiyojua la kufanya. La kuvunda halina ubani, wanasema. Nimelisema hilo mara nyingi kuhusu mambo ya watu wengine.

Sasa nikuambie nilichofikiri baada ya wewe kwenda kulala, kwa sababu hukukijua. Nilifikiri juu ya mama yangu. Unamjua kwa jina tu, nalo ndilo lako. Alifariki Kigoma kabla hatujarudi, sina picha yake, sina nguo yake, hata kaburi lake nimelisahau lilipo. Na binti yangu amekaa mezani ananiambia kwamba katikati ya jicho langu kuna kitu alichonitengenezea yule mama akiwa na mimba yangu, na hakijabadilishwa tangu siku ile. Kila nilichowahi kuona kimepita humo. Mama yako siku ya kwanza nilipomwona anabishana na mwenye mchele sokoni. Wewe ulipozaliwa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kuona kwenyewe kunakula jicho. Nilikuwa na kanga nyeupe ya marehemu shangazi yangu niliyoitunza sandukuni, hakuna aliyeivaa, hakuna aliyeifua, na siku nilipoifungua ilikuwa imegeuka manjano kwenye mikunjo. Niliifua kwa kila sabuni. Nilijua basi ulichokuwa unanieleza, mwanangu, kabla ya yai.

Kwa hiyo, ndiyo, naogopa. Naogopa kisu. Naogopa wakitoa ile lenzi wanatupa kitu cha mama yangu kwenye ndoo, ingawa najua ni upuuzi, na ukimwambia mama yako hili nitakana. Lakini hiyo ndiyo ile nusu uliyokwisha kuiona. Sasa nusu nyingine.

Daktari wa safari hii alikuwa binti, labda anakupita wewe miaka michache tu. Alilitazama jicho la kulia kwa ile mashine yao muda mrefu. Akasema mtoto wa jicho amekomaa, linahitaji kupasuliwa, wasikawie. Nikamuuliza nitaona? Akasema wengi wanaona, tena vizuri, wengine wanatoka wanalia kwa furaha. Kisha akavuta kiti akakaa karibu nami akasema, "Lakini mzee, jicho umebaki nalo moja. Nitafanya kila ninachoweza. Kukuahidi, siwezi." Mama yako alikasirika, akasema daktari gani huyu asiyetia mgonjwa moyo. Mimi yule binti nilimwamini palepale. Nimeahidiwa sana maishani mwangu, na aliyeniahidi kuliko wote ni mimi mwenyewe. Huko uendako, ukimpata mtu anayekuambia kwamba hawezi kukuahidi, usimkimbie upesi.

Akanipa tarehe. Ilikuwa majuma mawili kabla ya safari yako. Nilitoka pale nje nikahesabu njia nzima, na mama yako akadhani nahesabu ngazi.

Nilihesabu hivi. Wakinipasua na ikaenda vizuri, nitakuona wazi kwa majuma mawili, kisha uende, na ningekuwa baba mwenye bahati kuliko wote wa Gisenyi. Wakinipasua na ikaenda vibaya, nitakuwa gizani kabisa, na wewe uko nyumba hiyohiyo na mabegi yako hayajafungwa. Nikajiuliza, Salima wangu angefanya nini? Wala sikuhitaji kufikiri. Usingeenda. Ungesema utaenda mwaka ujao. Ungekaa barazani kunitajia rangi, kisha ungejifunza cherehani, kisha ungekuwa fundi, na baada ya miaka kumi ungesema hata hukutaka kwenda. Ungelisema vizuri sana mpaka mimi mwenyewe ningeamini. Nafasi ile ya masomo hairudi. Nami kipofu ningekuwa nimekushika mguu kila siku bila kutaka, bila hata kunyoosha mkono.

Umeshaniona nikiwa mkaidi, lakini hujaniona nikiwa na hofu kama ile. Niliweza kumwambia daktari hapana, nikaomba tarehe ya baada yako. Akanipa, ya wiki inayofuata safari. Akanionya kwamba kuchelewa ni hatari. Nikasema najua, nina jicho lingine la ushahidi.

Na kuna jingine, nalo ni la uchoyo, nitalisema kwa sababu karatasi bado ipo. Nilitaka kuwa na uhakika wa kukuona ukiondoka. Hata kwa ukungu. Hata kahawia. Wakati mwingine kidogo cha hakika mtu hukishika kwa meno akakiacha kikubwa cha bahati nasibu. Mama yako aliponiuliza mbona nakataa, nilimwambia hivyo, akanisikiliza mpaka mwisho, akanishika kichwa. "Baba Salima, unaona kweli mutoto huyu? Niambie, amekonda ao amenenepa?" Nikasema amenenepa. Akaniachia kichwa. Baadaye ndipo akaniambia kwamba umekonda tangu tulipoanza kugombana, hata mashavu yameingia ndani.

Sikuwa nimeona. Hapo ndipo nilipoona aibu kuliko siku ya suruali. Nimekataa upasuaji ili nikuone, kumbe sikuoni. Ninachokiona ni uso wako wa zamani niliouhifadhi, nauweka juu ya sauti yako kila unapoingia. Mtandio wako mweupe kwangu una rangi ya chai ya maziwa. Macho yako sijui yakoje siku hizi. Mdomo wako najua tu unapozungumza. Labda una chunusi, labda umekuwa mrembo kuliko mama yako, watu wananiambia na mimi naitikia.

Basi sijui kama nilichagua vizuri. Nimekaa na swali hilo tangu mlipotoka leo na halijanipa nafasi. Kama ningekubali ile tarehe, huenda leo ningekuwa nakuandikia kwa herufi za kawaida. Huenda ningekuwa siandiki kabisa. Hakuna wa kunijibu, na tarehe ile imeshapita, ameshalala mtu mwingine kwenye kile kitanda. Ukitaka kuniwia radhi, niwie. Ukitaka kukasirika, kasirika, ila kasirika ukiwa darasani kule.

Watanipasua Jumanne. Wewe utakuwa umeshafika. Mama yako nimemwapisha kwamba atakupigia na kukuambia ukweli ulivyo, mzuri au mbaya, siku hiyohiyo, bila kuuremba. Tunajua wewe ni mtu wa kusoma sauti, hutadanganyika. Bosco atakuwa ananitajia rangi, hata kama Bosco na zambarau hawaelewani. Ikiwa habari ni njema, utasikia kelele zangu mpaka huko bila simu. Ikiwa ni mbaya, naomba usirudi. Sikuamuru. Zamani ningekuamuru, lakini mtu aliyeapa kwamba nyeusi ni bleu amepoteza haki ya kuamuru. Nakuomba tu, kama mtu anavyoomba maji. Soma. Lenzi ulizokuja nazo kutoka tumboni mwa mama yako bado ni safi, na siku ya kwanza ukiona mlima au bahari ile ya kwao, tazama sana, usiogope kutumia macho. Ndiyo kazi yake, na yataisha hata ukiyatunza.

Nasikia sauti za watu njiani, huenda ni ninyi. Nimalizie.

Kesho kwenye gare ya mabasi usinipungie mkono kutoka dirishani. Sitauona, nitabaki nampungia kila abiria wa kila gari, watu wanicheke. Kabla hujapanda, mwachie mama yako mabegi, uje niliposimama. Simama upande wangu wa kulia, karibu kuliko adabu inavyotaka, jua likupige usoni, maana likiwa mgongoni kwako naona giza tu lenye umbo la mtu. Vuta mtandio nyuma kidogo nione na paji la uso. Usiseme neno, kwa sababu sauti yako naijua, itanidanganya nidhani nimekuona. Dereva atapiga honi na mama yako ataita jina lako, utamsikia. Wewe simama tu, mama, mpaka mimi niseme basi. Na ukiona nimeshindwa kusema, ondoka hivyo hivyo.

Baba yako